Mawe ya Watu

Tangu aletwe Grand Prairie, Texas, na bintiye Yasinta, Mwalimu Celestine alikuwa na miguu isiyokuwa na kazi. Yasinta aliondoka na gari alfajiri kwenda Fort Worth, kwenye hospitali alikokuwa muuguzi. Edson, mkwe wake, aliendesha lori, na aliweza kupotea barabarani siku kumi kwa mpigo. Angel, mjukuu wa pekee, msichana wa miaka kumi na miwili, alichukuliwa na basi la shule. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni nyumba ilibaki na Celestine, naye akabaki akizunguka kutoka jikoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi jikoni, kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefundisha jiografia katika shule ya wasichana karibu na Kakamega, kumi ya mwisho akiwa naibu wa mwalimu mkuu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona ameketi. Hata marehemu mumewe, Patroba, alizoea kumwambia, "Mama Yasinta, keti basi. Dunia haitoroki." Patroba alikuwa karani wa mahakama, mtu aliyeacha jina safi mno hata watu wa kijijini waliapa kwalo. Jina hilo ndilo Celestine alilolivusha bahari, akalitunza kuliko pasipoti.

Mwezi wake wa pili Texas alijaribu kwenda matembezi. Njia ya waendao kwa miguu ikakatika ghafla mbele ya duka la matairi, naye akaendelea kwenye nyasi, mkoba kwapani. Polisi kijana akasimamisha gari, akamwuliza kwa upole kama amepotea, na kama anakumbuka jina lake.

"Kama nakumbuka jina langu!" alimwambia Yasinta jioni ile. "Akanirudisha nyumbani taa zikiwaka, na majirani wote nje. Mjane wa Patroba, ndani ya gari la polisi!"

Hakutembea tena.

Kisha Angel akaleta alama sitini na nne za hesabu, na Celestine akamnyang'anya kishikwambi. Kitakaa kwenye droo yake, akasema, kwa kufuli, hadi alama zipande. Sasa, yeyote aliyepitia shule ya bweni anajua kwamba mwalimu anayenyang'anya kitabu cha mapenzi hukisoma kwanza ofisini kabla ya kukichoma. Asubuhi ya pili Celestine alifungua droo ili aone, kwa ajili ya malezi tu, ni kitu gani kilichokuwa kimemla mtoto akili.

Ulikuwa mchezo. Nchi nzima iliyotengenezwa kwa matofali ya mraba: miti ya mraba, ng'ombe wa mraba, hata jua la mraba. Alidhani atacheka akizime. Badala yake alianza kutembea.

Alitembea siku tatu. Alipanda milima, akavuka jangwa, akateremka hadi pwani, na popote alipofika nchi iliendelea kujifungua mbele yake, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Makosa yalikuwapo. Aliona mto ambao haukuwa na chanzo wala mwelekeo, na kama ungekuwa mchoro wa mwanafunzi angeuwekea kalamu nyekundu. Lakini alipoligonga jiwe likatoka, akaliweka mahali pengine likakaa. Hilo lilimshtua. Tangu Patroba afariki, kila kitu maishani mwake kilikuwa kimewekwa na mtu mwingine: chumba chake, dawa zake, saa ya kula. Hapa mkono wake uliweka, na kilichowekwa kilikaa.

Alijenga ukuta, kisha chumba. Chumba kikawa darasa, darasa likazaa la pili, na kabla ya majuma mawili kuisha alikuwa na shule ya madarasa manane kwenye mteremko, yenye matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mkono ukamwasha. Akisonga ugali aliwaza paa. Katikati ya sala ya mezani alikumbuka kwamba madirisha ya darasa la nne yalikuwa yakitazama magharibi, na watoto wangepigwa na jua. Saa kumi kasorobo kila siku alikirudisha kishikwambi kwenye droo, akafunga, akaketi sebuleni na Biblia mapajani, moyo ukimdunda kama wa mwizi.

Kilichobaki kilikuwa ofisi ya walimu, na ofisi ya walimu haijengwi kwa udongo. Ng'ambo ya kilima palikuwa na nyumba ya mawe meupe, ghorofa moja, yenye dirisha la kioo cha buluu. Celestine alikuwa amekwisha kuona vijiji vilivyokuja na nchi yenyewe, kama miti, na akadhani hii ni mojawapo. Hata hivyo alilelewa vizuri. Alisimama mlangoni, na pale peke yake jikoni kwa Yasinta akasema kwa sauti, "Hodi!" Hakuna aliyeitika. Kesho yake akapiga hodi tena. Siku ya tatu akaamua ni gofu, akaanza kutoa mawe, kutoka paani kwenda chini, kwa utaratibu. Ilimchukua asubuhi mbili. Kioo cha buluu kilipendeza sana kwenye dirisha la ofisi.

Asichokijua ni kwamba nchi ile haikuwa ya Angel peke yake. Watoto wa kanisa lao la Waswahili pale Fort Worth, Wakenya na Wakongo, walikuwa wakiijenga pamoja.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walikuwa wamesimama na chai mkononi wakati Mama Kethia alipokuja akipasua umati. Jina lake Généreuse, mwanamke wa Uvira aliyeishi Haltom City, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Mama Yasinta, niko na neno. Mutoto wenu amebomoa nyumba ya bwana yangu. Yote! Hata choo hakuacha!"

Vikombe vikasimama hewani. Ikabidi Kethia, bintiye, aeleze kwamba ni nyumba ya kwenye mchezo, na kwamba mchezo huandika jina la kila anayetoa jiwe, na watu wakapumua, wengine wakacheka. Généreuse hakucheka. "Munacheka nini? Miezi ine bwana yangu anajenga. Na jina yenye iliandikwa pale ni ya Angel."

Celestine alikuwa bado hajaelewa. Alisikia tu jina la nyumba yake likitajwa na neno kubomoa, akajinyoosha kama aliye mbele ya gwaride.

"Mama Kethia, pole. Lakini mbele ya watu hawa wote nasema: katika nyumba ya Patroba hajapata kuzaliwa mtu wa kuchukua cha mwenziwe."

Kethia akainua simu, akaonyesha picha. Madarasa manane, matuta, dirisha la buluu.

Celestine aliitambua shule yake. Angel, pembeni, alisema kwa Kiingereza chake cha kila siku kwamba si yeye, kishikwambi kimefungiwa kwa Kukhu, nyanya yake, mwezi mzima. Yasinta uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. "Mama, si uliweka kwa droo, ukafunga?"

"Niliweka," alisema Celestine. "Nikafunga."

Kila neno lilikuwa kweli, na katika maisha yake hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Yasinta akahitimisha lililohitimishika: mtoto ameiba ufunguo, amebomoa, na sasa anakana mchana kweupe. Hapo hapo alimwambia kiongozi wa kwaya ya watoto alifute jina la Angel kwenye safari ya Houston, iliyokuwa Jumapili ifuatayo. Angel hakulia mbele ya watu. Alimtazama nyanya yake tu, mara moja, kisha akatazama viatu vyake.

Jumatatu Celestine hakufungua droo. Alipiga pasi mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi. Alianza barua kwa dada yake, akaichana. Kupitia ukuta alimsikia mtoto akirudi shuleni, akifunga mlango, akinyamaza, na kunyamaza kule kulimtembea mwilini kama siafu. Jumanne alijiambia kwamba mambo ya watoto hupita, na kwamba jina la mtu mzima likianguka haliinuki. Alijiambia hivyo akiwa amesimama, akaketi, akasimama. Jumatano, Yasinta alipokuwa mapumzikoni, alimwambia, "Nipeleke Haltom City, kwa Mama Kethia."

Walikuwa wameshaingia barabara kuu, malori kulia na kushoto, aliposema.

"Angel hakugusa kitu."

"Mama, tafadhali, usimtetee."

"Simtetei. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Na kishikwambi nilikuwa nacho mimi."

"Mama. Wewe unacheza gemu?"

"Sichezi. Najenga."

Kicheko kilimtoka Yasinta kabla hajakizuia, kifupi, kama chafya. Kisha kikafa. "Na umemwacha mtoto wangu ajifungie siku tatu, huku unamwona?"

Aliyewafungulia alikuwa Papa Kethia mwenyewe, Émile, mtu mwembamba aliyekuwa bado na koti la kazi la ghalani. Celestine alikataa kiti. Alieleza yote akiwa wima, hodi na gofu na asubuhi mbili, na Émile alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Donc, kumbe ni wewe, maman."

"Ni mimi. Na nakuomba msamaha. Sikujua ni ya mtu, sembuse ya mtu mzima."

"Mutu muzima hapendi kujenga?" Hakuwa na haya hata kidogo. "Kazini nabeba makartoni masaa kumi. Nikiiweka hapa, chef, mukubwa wa kazi, anasema weka kule. Ile majiwe haina kilo, maman. Naiweka, inabaki penye niliiweka."

"Najua," alisema Celestine, na lilitoka kwa haraka kiasi cha kumshangaza Yasinta.

"Uliipeleka wapi?"

"Kwenye ofisi ya walimu."

Alimpa kishikwambi. Émile aliitazama shule muda mrefu, akaizunguka, akaingia darasa moja moja. "Kuta zimenyooka," alisema. Kisha akamrudishia. "Bomoa ofisi."

Basi Celestine akaketi. Aliitoa ofisi ya walimu jiwe kwa jiwe, na Émile kando yake, kwa simu yake, akayapanga mawe upya, akinung'unika pale aliposahau ngazi ilipindia wapi. Généreuse aliwaletea chai, akawatazama, akatikisa kichwa. "Watoto wawili wenye mvi." Walipofika kwenye kuta za jikoni Yasinta alitazama saa: basi la shule la Angel lilikuwa karibu kufika.

Mlangoni Émile alisema, "Nyumba tutamaliza. Lakini jina ya mutoto hatuwezi kuirudisha na majiwe, maman. Iliharibika mbele ya batu."

Celestine alilijua hilo tangu Jumapili. Ndilo lililomnyima raha, si mawe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawakusema kwamba mwalimu mstaafu amesamehewa.

Jumapili, wakati wa matangazo, alimwendea mchungaji na kuomba kipaza sauti. Nje, basi la Houston lilikuwa limeshafika.

"Juma lililopita nilisema hapa kwamba nyumba ya Patroba haijapata kuchukua cha mtu. Imechukua. Nyumba ya Papa Kethia niliibomoa mimi, Celestine, mwenye umri wa miaka sitini na sita, kwa sababu nilitaka mawe. Kisha nikanyamaza, mjukuu wangu akaadhibiwa mbele yenu. Angel hakugusa jiwe hata moja. Naomba jina lake lirudishwe kwenye safari, na lirudishwe midomoni mwenu."

Nyuma kabisa mtu alikohoa kikohozi kilichokuwa kicheko. Mchungaji alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Ndipo Généreuse akasimama.

"Na jikoni, mama? Jikoni bado haina ukuta!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Celestine aliwasubiri watulie, kama alivyokuwa akiwasubiri wasichana mia nne gwarideni, na safari hii walichukua muda mrefu zaidi.

"Jikoni ni kesho," alisema. "Saa nne."

Angel alipita karibu naye akielekea kwenye basi, begi mgongoni. Alisimama, lakini hakumkumbatia.

"Kukhu, ulipiga hodi kweli?"

"Mara mbili."

Mtoto alifikiri. "Ungeniuliza mimi," alisema, akapanda basi. Celestine alibaki kwenye lami ya maegesho hata basi lilipokwisha kupinda, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mpaka Yasinta alipomfungulia mlango wa gari.