Kumpigia Hodi Farasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga hodi nikapewa sweta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, mwezi wa tatu, kaskazini ya mji wa Blaine, huku Marekani, pale nyumba mpya zinapokoma na mashamba kuanza. Binti yangu Upendo alinishusha getini akaondoka mbio kuwahi zamu yake ya kuhudumia wazee huko Fridley. Mbele yangu palikuwa na banda refu, mlango wazi, na ndani yake giza lililokuwa likipumua. Mimi ni Mpare wa Same; siingii kwa watu kimyakimya. Nikasimama kizingitini nikaita, "Hodi!" Kimya. Nikaita tena. Mara ya tatu akatokea mwanamume mwenye masharubu, akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu vyangu vya kanisani, akarudi ndani, akaja na sweta zito la kijivu lenye kofia. Kwao sweta la namna hiyo huitwa hudi. Alidhani naomba nguo, na kusema kweli meno yalikuwa yanagongana.

"Vaa," akasema. "Kazi iko huku ndani."

Huyo alikuwa Msimamizi wa Mabanda, bosi wangu wa kwanza Marekani ukimwacha yule wa ghala la Shakopee, ambako nilipanga maboksi miezi mitatu mpaka nikaanza kuyaota. Sweta lile sikulirudisha.

Ninyi mnaoanza kazi leo huenda mkashangaa mwanamke mtu mzima kutafuta kazi ya kuzoa mavi ya farasi. Upendo naye alishangaa. "Mama, warehouse ina heater, una break mbili, halafu unaiacha kwa ajili ya farasi?" Lakini nyumbani nilikuwa bwana mifugo kwa miaka ishirini. Ndiyo, bwana. Cheo hakikujali sketi. Nikifika kwenye boma la wafugaji nasikia, "Bwana mifugo amefika, mpeni mama kiti." Nilichanja ng'ombe, nikasimamia majosho, nikagawa nyanda za malisho: upande huu ulishwe sasa, upande ule upumzishwe mpaka mvua. Mtu aliyezoea harufu ya wanyama ukimweka kwenye maboksi hukauka. Nilikuwa nakauka.

Farasi wa banda lile hawakuwa wa kupandwa. Walikuwa farasi-mwitu. Huko magharibi ya nchi, Nevada na jirani zake, kuna nyika pana ambazo ni mali ya umma. Wafugaji wa ng'ombe hupewa kibali cha malisho, yaani ruhusa ya kulisha idadi fulani ya ng'ombe kwa msimu fulani. Farasi-mwitu nao wanaishi humo humo, wanalindwa na sheria, wanazaana. Nyasi hazitoshi. Wafugaji husema farasi wamezidi, watetezi wa farasi husema ng'ombe ndio waliozidi, na serikali inakaa katikati ikitukanwa na wote. Tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Huko walikuwa wanapigania nyasi zenyewe. Nilipoelezwa nilicheka peke yangu. Nilivuka bahari nikaukuta ugomvi ule ule wa pundamilia na ng'ombe, umevaa kofia nyingine.

Kila nyanda ina uwezo wake wa malisho, hesabu ya wanyama inaoweza kuwabeba bila kuwa vumbi. Farasi wakipita kiasi hukusanywa kwa helikopta, huingizwa kwenye kibanio, ule uchochoro mwembamba wa vyuma, na kupigwa alama ya baridi. Si moto. Chuma hupozwa kupita barafu, kikabandikwa shingoni upande wa kushoto, na nywele zikiota tena zinakuwa nyeupe, zimeandika namba ya mnyama. Kisha hupakiwa malori na kutawanywa nchi nzima kwenye mabanda kama letu, wasubiri watu wa kuwaasili. Neno ni hilo hilo la mtoto. Kwetu unaasili yatima. Kwao unaasili farasi, unajaza fomu, na mkaguzi anakuja kutazama uzio wako.

Mkaguzi wetu alikuwa mama mfupi mwenye kofia pana, aliyewahi kufanya kazi nyikani huko magharibi. Siku moja, majira ya baridi yaliporudi, alinikuta nimechuchumaa nachambua robota la majani makavu, nikitenga yaliyoota ukungu.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Ng'ombe waliokufa," nikajibu.

Akachuchumaa na yeye. Tukaongea nusu saa kuhusu nyasi, zinahitaji kupumzika kiasi gani baada ya kuliwa, mzizi unakufa lini. Mwishoni akasema maneno ambayo bado nayabeba. "Watu wote wana upande, Sifu. Nyasi hazina." Wiki iliyofuata nikatolewa kwenye kuzoa mavi nikahamishiwa zizi la nje, kuwazoesha farasi kwa watu. Namsifu ndilo jina langu. Kwao lilikatwa likawa Sifu, nami sikudai salio.

Huko nje nilimkuta Papa Rugira, mchunga ng'ombe wa milima ya mashariki ya Kongo, mkimbizi, mtu wa kanisa, mrefu kama mlingoti. Yeye alikuwa na njia moja tu ya kuwapa wanyama majina: rangi. Palikuwa na farasi jike wa rangi ya jivu la kuni, amesimama kona ya mbali kila siku akitupa mgongo. "Ile tunaita Majivu," akasema. "Haipende mtu, Mama. Hata mimi haipende, na mimi ni muzuri."

Kumzoesha farasi-mwitu hakuna nguvu ndani yake. Unamkaribia kidogo, unasimama. Akikaza shingo, unarudi nyuma. Akikugeuzia sikio, hata moja, unarudi nyuma pia, na huko kurudi ndiko zawadi yake. Msimamizi wa Mabanda alinieleza kwa maneno mengi, nami nikamwambia kwetu kazi hiyo ina neno moja. Unapiga hodi. Usipoitikiwa huingii. Unapiga mara tatu, na baada ya tatu unakwenda zako bila kununa, kwa sababu nyumba ni ya mwenyewe.

Basi kila asubuhi nilisimama kwenye lango la Majivu nikaita kwa sauti ya chini, "Hodi." Nikahesabu pumzi. "Hodi." Nikahesabu tena. Ya tatu, halafu nikaweka majani chini nikaondoka. Yale yalikuwa masaa ya ajabu maishani mwangu. Mvuke ulipanda kutoka migongoni mwa farasi, theluji imetanda mpaka macho yanapokoma, hakuna mti, hakuna sauti. Mara nyingi nilisahau niko wapi. Nyika ya kwetu ya kiangazi ilikuwa pale pale, wamebadilisha rangi tu, na nilikuwa na hakika nikigeuka nitamwona marehemu mume wangu amekaa kwenye pikipiki ya idara akinisubiri. Sikugeuka. Nilikuwa na furaha, nami sikutaka kuiharibu.

Mwezi wa pili wa hodi zangu Majivu aligeuza sikio. Mwezi wa tatu akageuza kichwa. Mwezi wa nne akawa anakuja hadi hatua tatu kutoka langoni nikipiga hodi ya pili, na Papa Rugira, aliyekuwa nyuma yangu na toroli, akaniitikia kwa niaba yake: "Karibu, Mama, karibu! Nyumba iko chafu kidogo."

Shida ni kwamba sheria haikuwa na subira yetu. Farasi akionyeshwa kwa watu mara tatu asipate wa kumwasili, hutolewa kwenye orodha ya kuasiliwa na kuwekwa kwenye ya kuuzwa. Aliyeasiliwa anafuatwa na mkaguzi mwaka mzima. Aliyeuzwa hafuatwi na mtu. Anapanda lori na habari zake zinaishia hapo. Majivu alikuwa ameshapitwa mara mbili. Watu walitaka farasi wenye madoa, wenye macho ya picha, si jike la kijivu linalowapa mgongo. Onyesho lake la tatu lilipangwa kwenye uwanja wa maonyesho upande wa Saint Paul.

Wiki moja kabla, Msimamizi akaniita. "Hakuna atakayemchukua asiyefungika hatamu. Mvalishe kabla ya Ijumaa." Hakunilazimisha kwa ubaya, alimpenda yule farasi kwa namna yake. Kosa nililifanya mimi. Alhamisi asubuhi nilifika nimejaa haraka. Nikafungua lango, nikaingia na hatamu mkononi. Sikupiga hodi hata moja.

Alirudi kinyumenyume mpaka ukutani. Nilipoinua mkono alijirusha, bega likagonga chuma, paji la uso likachanika juu ya jicho. Nilitoka, hatamu bado mkononi. Miezi minne niliivunja kwa dakika moja, mimi niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu adabu. Nililia ndani ya kofia ya lile sweta, siwafichi.

Uwanjani siku ya maonyesho watu walipita kizizi baada ya kizizi na makaratasi yao. Majivu alisimama kona ya mwisho, mgongo kwa watu, kidonda kimepakwa dawa ya zambarau. Kufika mchana farasi wengi walikuwa wamepata wenyewe. Mbele yake hakusimama mtu. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiliona akilini lori linalomsubiri.

Papa Rugira akaja akasimama karibu yangu. "Mama Sifu, uliingia bila hodi?"

"Niliingia."

"Donc, basi, utoke inje, uanze tena ku mwanzo. Ni vile tu. Kwetu hata mukwe akikosea mulango, anarudishwa ku njia."

Nikasimama. Watu walikuwepo, aibu ilikuwepo, nikaziacha zote mbili. Nikaenda mpaka njia ya kuingilia, nikarudi taratibu kama mgeni ambaye hajawahi kufika, nikasimama langoni. "Hodi." Mgongo. Nikahesabu pumzi. "Hodi." Mkia ukatikisika, basi. Nikaita ya tatu, na sauti ilitoka mbovu. Hakuna. Nikafanya yampasayo mgeni: nikainama kidogo, nikageuka, nikaondoka. Sikuangalia nyuma, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia tu. Kwato moja juu ya maranda ya mbao. Kisha ya pili.

"Amekusikiliza ukiondoka," sauti ikasema. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyestaafu, mjane, jina lake Arvid. Alikuwa ameegemea uzio muda wote. "Nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote. Anayesikiliza mtu akija, huyo anaogopa. Anayesikiliza mtu akiondoka ni habari nyingine. Umemwambia nini?"

"Hodi."

"Hudi? Kama hilo ulilovaa?"

Nikamweleza. Nikamweleza zile tatu, na kungoja, na kuondoka bila kununa. Alilijaribu neno mara kadhaa, likimtoka kama mtu anayetafuna muwa kwa mara ya kwanza. Kisha akaenda kwa Mkaguzi, akaeleza uzio wake una futi ngapi, banda lake lina paa la nini, akaweka sahihi. Majivu aliondoka siku ile ile. Mimi na Papa Rugira tulilisindikiza gari kwa macho mpaka likapotea, na yeye akapunga mkono muda mrefu kuliko mimi.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi. Msimamizi yule alihamia kusini, akaja mwingine aliyependa mikutano. Nilipelekwa kwenye siku za kuasili, kisha nikawa nafuatana na Mkaguzi kukagua nyua za watu. Farasi wengi walipita mikononi mwangu, na hakuna tena niliyeingia kwake bila hodi. Magharibi waliendelea kugombana, bado wanagombana. Mwishoni mwa muongo goti langu lilikataa theluji, nikaaga. Walinipa keki na saa ya ukutani. Siku hizi nakaa kwa Upendo huko Blaine, dirishani, nikitazama nyasi za majirani zinavyokatwa kabla hazijakua. Zinaniuma.

Baada ya kustaafu jambo moja lilinikosesha raha: sikuwahi kumwona Majivu tena, na sikujua kama alinisamehe Alhamisi ile. Jumamosi moja ya vuli nikamwomba Upendo anipeleke kwa Mzee Arvid, mwendo wa saa mbili. Njiani nikaingiwa na hofu ya kitaalamu. Farasi wa kijivu huwa weupe kadiri anavyozeeka. Alama ya baridi nayo ni nywele nyeupe. Maana yake namba ya serikali ilikuwa imeshamezwa na shingo, haisomeki. Na mzee alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba amemwongezea wenzake wawili, weupe wote. Mimi, bwana mifugo mzima, ningesimama pale nisimjue mnyama wangu.

Tukafika. Uwanja mtulivu, majani makavu ya mwaloni yanatambaa chini, upande wa pili wa banda malisho yanashuka hadi kwenye ziwa dogo. Upendo alibaki garini na simu. Nikapanda ngazi za nyumba nimevaa sweta langu la kijivu, na kwa mazoea nikaita mlangoni, "Hodi!"

Kabla mtu hajajibu ndani, farasi akalia nyuma ya banda. Alilia kwa nguvu, mara moja, kama anayejibu jina lake kwenye orodha. Nikageuka. Weupe wawili walikuwa mbali wanakula. Wa tatu alikuwa ameshafika kwenye uzio, masikio yote mawili kwangu, na juu ya jicho ana kovu.

Nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Mzee Arvid alikuwa ameegemea fimbo, anacheka. "Nampigia hodi kila asubuhi nikipeleka majani," akasema. "Miaka yote hii. Karibu, Sifu. Ingia, kahawa ipo."

"Nitakuja, mzee," nikamwambia, nikiwa nimeshaanza kushuka ngazi. "Lakini kwetu, aliyeitika kwanza ndiye mwenye mgeni."