Mkutano wa Kumwondoa Mwenyekiti

Mume wangu alikufa wiki moja kabla ya mkutano wa kumwondoa mwenyekiti wetu wa mtaa. Sisemi mwenyekiti ndiye aliyemuua. Presha alikuwa nayo siku nyingi. Lakini mwaka mzima alipanda na kushuka vilima vya hapa Goba, nyumba kwa nyumba, akiwaeleza majirani kwamba mtu aliyeuza kiwanja cha zahanati yetu tunaweza kumwondoa wenyewe, kwa kura, kwenye mkutano wa wakazi, mbele ya ofisa wa kata, ilimradi akidi itimie. Watu walikubali. Walikuwa na hasira kuliko yeye.

Kisha msiba ukaingia kwangu, na huku kwetu msiba husimamiwa na mwenyekiti. Alifika kabla ya mashemeji zangu. Alifungisha turubai, akasimamia masufuria ya pilau, akatangulia makaburini. Mimi nilikuwa chumbani, nimejifunika kanga, nikimsikia akimwita marehemu ndugu yake. Ningemfukuza, wangesema nimechanganyikiwa.

Siku ya mkutano nilikuwa edani. Mjane hatoki ila kwa dharura. Nilitoka. Nikampitia jirani yangu, nikamkuta kibarazani anachambua mchicha.

"Utanisamehe, shoga," akasema. "Yule baba kaingia kaburini, kampokea mumeo kwa mikono yake. Leo nikampigie kura ya kumfukuza?"

"Mume wangu ndiye aliyetaka."

"Marehemu hana ugomvi na mtu. Na wewe rudi ndani, watu watasema."

Sikurudi. Uwanjani tulikuwa wachache hata kivuli cha ukuta kilitutosha. Ofisa wa kata alisubiri, akapiga simu, akasubiri tena.

"Wenzenu wako wapi?" akauliza.

"Wanateremsha pilau la msibani," akajibu mzee mmoja. "Nyama zilikuwa nyingi mno."

Wakacheka. Nilikuwa nimesimama palepale.

Ofisa akatangaza kwamba akidi haijatimia, kwa hiyo hakuna kura, na mwenyekiti anaendelea na kazi. Wachache wakapiga makofi. Mwenyekiti alishika mikono ya watu mmoja mmoja, na aliponifikia mimi akaurudisha wake nyuma, kwa heshima ya eda yangu, akainamisha kichwa.

"Pole sana, shemeji. Ungepumzika tu nyumbani, tungekuletea taarifa."

Watu wote walikuwa wananitazama.

"Nimeshapoa," nikamwambia.