Saa Ishirini na Nne za Taqwa

Kwa miaka sita, kila mwaka ulimletea Bi Rahima sharti jipya. Binti yake Taqwa alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika anatomia, elimu ya maumbile ya mwili wa mwanadamu, na chuo chenyewe kilikuwa kama mkwe asiyeridhika: ukimpelekea hiki, anauliza kile. Kwanza masomo ya darasani. Kisha mtihani wa mdomo mbele ya maprofesa watano. Kisha ruhusa ya kamati ya maadili, iliyochukua miezi tisa. "Mimba nzima," alisema Bi Rahima, "na mtoto hatujamwona." Kisha makala mbili zichapishwe kwenye majarida ya kitaaluma. Kisha tasnifu, na kuitetea.

Tasnifu ilipopita, Bi Rahima hakuuliza zaidi. Alipanda boda boda mpaka kwa mpiga chapa wa Nakawa, akaagiza kadi mia tatu za harusi ya mwanawe Usama. Chini ya jina lake na la marehemu mumewe, Sheikh Tajudin, paliandikwa: Dkt. Taqwa Tajudin, dada wa bwana harusi.

Sadik wa dukani alikwisha kuanza utani. "Mama Daktari! Nasikia daktari wenu hutibu watu wasiolalamika."

"Afadhali hao. Wewe unalalamika hata ukiwa mzima."

Kadi zilifika Jumatano, zigawanywe Ijumaa baada ya swala. Taqwa alisoma moja, akaketi.

"Mama, simo kwenye orodha ya mahafali ya mwaka huu."

"Husemi kweli."

"Nimepungukiwa saa za kufundisha. Wanataka mia na ishirini ukumbini, kuwasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapopasua maiti. Ninazo tisini na sita."

"Saa ishirini na nne! Miaka sita, na wanakuzuia kwa siku moja?"

"Ni vipindi kumi na viwili, Mama."

"Na kwa nini ulivikosa?"

Taqwa alitazama sakafu. "Nilikuwa na udhuru."

Bi Rahima hakutaka kusikia udhuru. Aliona tayari midomo ya majirani wa Kibuli: si kwamba Taqwa amechelewa, bali kwamba nyumba ya Sheikh Tajudin inajipachika vyeo. Asubuhi alivaa buibui lake jipya, akaenda chuoni mwenyewe.

Karani wa idara, Abalo, binti wa askari, msichana aliyekulia kambini, alimpa kiti.

"Nyabo, mama yangu, mimi sipangi sheria. Mimi naandika tu."

"Basi andika saa ishirini na nne. Mwanangu anaujua mwili wa mtu kuliko hao wanaomhesabia."

"Anajua sana. Lakini wanafunzi walikaa na maiti, mwalimu hakuna. Angalia mwenyewe. Hii kitabu haina uchungu na mtu."

Bi Rahima alivaa miwani, akalifungua daftari la mahudhurio. Kwa miaka ishirini alikuwa mwalimu mkuu. Alikwisha kuwafukuza walimu kwa daftari kama hilo. Penye kila kipindi kilichokosa saini, Taqwa alikuwa ameandika neno moja: msiba.

Tarehe ya kwanza ilikuwa ya msiba wa Hajati Mwanaidi. Ya pili, bibi yule wa kisukari. Ya tatu, mke wa mwadhini. Alizijua zote, kwa maana yeye ndiye mwoshaji wa maiti wa kike mlimani kwao Kibuli, na kila mara magoti yalipomuuma alipiga simu: "Njoo unishikie, mwanangu. Maiti hangoji." Naye Taqwa alikuja. Hakusema hata siku moja kwamba huko alikoacha wako wengine mezani.

Alivua miwani. "Anaweza kuzifidia lini?"

"Muhula huu. Mahafali, mwaka kesho."

Taqwa aliporudi kula chakula cha mchana, alimkuta mama yake mezani na rula na kalamu nyeusi, akifuta "Dkt." kwenye kadi moja baada ya nyingine.

"Mama, watu watauliza."

"Waulize. Nitawajibu. Cheo cha uongo hakiingii kwenye kadi yenye jina la baba yako." Alipiga mstari mwingine. "Ungesema, Taqwa! Mdomo unao, hata Kiingereza unakijua. Ungeniambia, 'Mama, nina darasa.'"

"Na maiti amelala pale?"

Bi Rahima alivuta kadi nyingine. Kadi zilikuwa zimebaki themanini simu ilipolia: mama mmoja wa Kyebando ameaga dunia, familia yaomba mwoshaji. Taqwa alikwisha kuushika mfuko wa kafuri na pamba.

"Una kipindi leo?"

"Saa nane."

"Uweke chini."

"Utamgeuza na nani, Mama? Magoti yako..."

"Kyebando hakuna wanawake? Watajifunza leo." Aliuchukua mfuko, akamsukumia kalamu. "Malizia hizo themanini kabla hujaondoka. Na mstari unyooke."