Mkono wa Kufungulia Dirisha

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, Nuria huketi ukingoni mwa kitanda akavikunja vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayevuta tasbihi. Kisha huinua bega la kulia, taratibu. Likikubali, hufungua dirisha kwa mkono wa kulia. Likikataa, hufungua kwa kushoto. Ndivyo afanyavyo tangu ana miaka kumi na minane, na sasa ana ishirini na minne, wala hakudhani jambo dogo kama hilo lingepata watazamaji.

Ukimya aliusikia yeye na mama yake waliporudi kutoka ukimbizini hadi Mocímboa, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji. Nyumba yao iko nyuma ya bandari, na alfajiri mtaa ule una kelele zake: michi, ndoo, redio ya jirani, watoto wanaofukuzwa wakaoge. Asubuhi moja, mkono wake ulipogusa komeo, kelele zote zilikatika kwa pamoja, kana kwamba mtu amefunika chungu. Akasukuma ubao. Barabarani walisimama watu sita, majembe begani, nyuso zimemwelekea. Hakuna aliyemwamkia. Waliutazama mkono. Ulikuwa wa kushoto. Wakageuka mmoja mmoja, wakarudi majumbani mwao, wakafunga milango.

Aliyemfumbulia fumbo hilo ni Sumaia, jirani wa nyumba ya pili, ambaye humwita mana, kama vijana wa huku wanavyomwita dada.

"Mana Nuria, kwani hujui? Wewe ndiye redio yetu siku hizi. Tena hutaki betri!"

"Redio ya nini?"

"Ya hao." Sumaia alielekeza mdomo upande wa porini. Watu wa mtaa ule hawawataji kwa jina. "Ukifungua kwa kulia, twaenda shamba. Kwa kushoto, twakaa."

Mambo yalianzia mwaka ule mji ulipotekwa na waasi hao wa porini. Siku moja kabla, Nuria aliamka hawezi kustahimili hata uzito wa shuka. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, akampakia kwenye mkokoteni, akamsukuma hadi bandarini watafute chombo cha kwenda hospitali Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa jimbo lao. Majirani wachache waliwasindikiza wakapanda nao. Wengine walibaki vibarazani wakicheka: mvivu yule, anasukumwa kama gunia la muhogo! Usiku wake mtaa ukaungua. Waliosindikiza walipona. Waliocheka hawakuonekana tena.

Huko Pemba, doutora mmoja, daktari wa kike, alimbonyeza shingo, mabega, nyonga na magoti, akamwambia ugonjwa wake una jina: fibromialgia. Si mifupa, si damu, si uvivu. Hauui, lakini hauondoki. "Mwili wako," alisema, "unapiga yowe la hatari mahali pasipo na hatari."

Nuria alitaka kuwapa majirani maneno hayo kama alivyopewa. Mama yake, Bi Tatu, akamzuia.

"Waache, mwanangu. Watu wa mtaa huu ndio waliosema, nani ataoa mwanamke asiyeweza kuinua mchi? Leo wanakuchotea maji. Unataka ukawe mvivu tena?"

Hakutaka. Akanyamaza. Ndoo za maji zikaja, samaki wakavu wakaja, na mwanamke mmoja akaja kuomba maji aliyonawia mikono. Bi Tatu alimjazia chupa.

Ikafika Jumatatu moja, msimu wa kuvuna mpunga, bega likakubali. Miguu ilimwaka toka nyonga hadi nyayo, lakini dirisha halifunguliwi kwa miguu. Alifungua kwa kulia. Akaisikia pumzi ikishuka barabarani, pumzi moja ya watu wengi. Mzee Rajabo, mkubwa wao kwa umri, aliinua jembe.

"Ahsante, mjukuu."

Wakaenda sita. Nuria alikaa dirishani mchana kutwa, asijue anangoja nini. Alasiri walirudi watano.

Mzee Rajabo alitokea baadaye, peke yake, anatembea kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa pomoni. Akasimama chini ya dirisha.

"Nilisikia watu majanini, mjukuu. Moyo ukaniambia, lala chini. Nikasema aa, Nuria kafungua kwa kulia, hao si wao. Nikasimama wima, nikainua mkono, nikawapa salamu."

"Wakasemaje?"

"Hawakuitikia. Walikuwa wanne. Walipita karibu, kama hapo ulipo wewe. Mmoja akautazama mkono wangu, akautazama sana, kisha wakaendelea." Mzee akatabasamu. "Bila wewe ningekimbia."

Akaweka kishada cha mpunga dirishani, akaenda zake. Nuria alibaki akikitazama kishada kile, asiweze kukigusa.

Asubuhi ya pili yake hakuvikunja vidole. Hakulijaribu bega. Ukimya ulishuka hata kabla hajasimama, kana kwamba mtaa umemsikia akifumbua macho. Akajifunga kanga, akaifichia humo mikono yote miwili, akatoka kwa mlango.

Hawakumwona mara moja. Walikuwa wamesimama palepale, majembe begani, wakilitazama dirisha lililofungwa. Kisha uso mmoja ukageuka, na mwingine, hadi wote, macho yakashuka kwenye kanga yake kutafuta mikono.

"Nuria, rudi ndani," mama yake aliita nyuma yake, kwa sauti ndogo.

Kizingitini palikuwa na ndoo ya maji. Mtu alikwisha kuileta, imejaa, imefunikwa kwa sahani safi. Nuria aliipita.

Sumaia alisogea, mwanawe mgongoni, jembe mkononi. Akamtazama usoni badala ya mikononi, akamuuliza neno ambalo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kumuuliza tangu warudi.

"Mana, kwani leo unaumwa?"

"Naumwa kila siku, Sumaia," alisema Nuria. "Jana ilikuwa miguu."