Winchi wa Ghorofa ya Nne

Hakuna aliyemwita Winchi kabla mama yake hajapooza. Binti huyo alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke mwembamba, kitinda mimba wa watoto watatu, ambaye kutwa alivuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine na kuyatupia kwenye toroli. Kisha mama akaanguka jikoni akiosha vyombo, na alipozinduka upande wote wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Akili zilibaki. Ulimi ulirudi polepole, mkali vilevile.

Waliishi wawili ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikwisha geuzwa stoo ya mlinzi. Mama alikuwa mnene. Kumgeuza asiote vidonda, kumwinua akaoge, kumkalisha ale: binti alimaliza siku akiwa hoi, kiuno kinawaka moto. Mara moja walianguka wote wawili bafuni, wakakaa kwenye maji, mama akicheka, binti akilia, mpaka jirani aliposikia.

Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyempeleka jimu. Ilikuwa gereji ya zamani nyuma ya kituo cha mafuta, sakafu ina madoa ya oili, kioo kimepasuka. Kocha, mzee mwenye shingo nene na sauti ya chini, alimuuliza anataka nini. Wanawake wengi waliofika pale walitaka kupunguza tumbo. Akasema anataka kumwinua mama yake bila kumwangusha. Kocha hakucheka. Alimpa mpini wa ufagio, akamfundisha kuchuchumaa, kukaza tumbo, kuiachia miguu kazi badala ya mgongo. Baadaye mpini ukawa chuma, na chuma kikawa kinaongezwa uzito.

Mwili ukamwitikia. Mabega yalijaa, blauzi zikabana. Siku alipomkumbatia mama na kumwinua kwa mkupuo mmoja, kama anayeokota mto, mama alimwambia kwamba sasa hata mchumba akija atabisha hodi akiwa mbali. Ndipo watu wa jengo walipomwita Winchi, mashine ya kunyanyulia mizigo, naye hakuchukia.

Ila nguvu zilikuja na lake jambo. Zamani kaka yake mkubwa alifika kila Jumapili kusaidia kumteremsha mama aote jua. Alipoona mdogo wake anambeba mgongoni ngazi zote bila kutweta, alimsifu sana, na Jumapili iliyofuata hakuja. Dada naye, aliyekuwa akija kulala pale mara mojamoja, akasema ana mgongo mbovu, na isitoshe mwenye nguvu yupo. Winchi alilalamika kwa simu. Wote wawili walimjibu kwa upole, kwa maneno yaleyale: wewe unaweza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kocha akamwandikisha mashindano ya kunyanyua uzito katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Winchi alijifua kama mwenye wazimu. Kaka akabembelezwa, wifi akabembelezwa, mwishowe kaka akakubali kushinda na kulala pale. Asubuhi ya safari alimwonyesha namna ya kumgeuza mama: goti hapa, mkono huku, usimvute bega. Kaka aliitikia macho yakiwa kwenye simu.

Basi lilikuwa halijatoka stendi simu ilipoita. Kaka alieleza huku akihema. Alimvuta mama bega, mama akateleza, sasa wote wako sakafuni, na yeye kiuno kimemkatika hawezi kuinuka.

Kocha alimwona anateremsha begi lake.

"Wapigie majirani," akamwambia. "Kaa. Mwaka huu ni wako."

Winchi alikaa. Akasimama. Kisha akashuka.

Aliwakuta kando ya kitanda, wamelala chali kama mikeka. Alimwinua mama kwanza. Halafu akamwinua kaka, mwanamume mzima na kitambi chake, akamlaza kwenye kochi, naye kaka, huku akigugumia, akasema, "Unaona sasa? Kazi hii bila wewe haiwezekani."

Winchi alimfunika mama shuka. Kisha akaenda jikoni kuosha vyombo.

Kaka alipokwisha ondoka akijikongoja, mama alimwita.

"Ungekuwa dhaifu, wangekuja."

"Basi niache vyuma, mama?"

"Sijasema uache. Nasema ninavyoona."

Aliacha. Aliwatangazia ndugu zake kwamba nguvu zimemwishia, akasubiri. Dada alimshauri ale vizuri. Kaka alimtumia picha ya mkanda wa kiuno unaouzwa sokoni. Yaliyokuja ni maumivu tu, yaleyale ya zamani, mpaka ikawa kumgeuza mama ni kung'ata meno. Akarudi gereji. Kocha hakumuuliza alikuwa wapi, alimsogezea chuma. Chuma kina heri yake: ukichoka unakitua, na hakikuulizi unakwenda wapi.

Mpaka leo huenda jioni, mama akishageuzwa upande wa dirisha na jirani akishaombwa achungulie. Mashindano yakikaribia kocha humtajia, naye husema ataona. Juzi alisimama mlangoni, viatu mkononi.

"Unangoja nini?" mama akauliza.

"Naogopa utataka kugeuka."

"Nitakaa upande huu. Nenda, mwanangu."

Alikwenda, akitazama saa njia nzima.