Uji wa Inamahoro kule Mugamba

Nakumbuka siku moja ya mvua, mjukuu wangu, mama mkwe aliponipeleka Mugamba kunionyesha kwa watu wa kwao. Mimi mtoto wa Musaga, hapa Bujumbura, nimezoea joto la huku chini. Kule juu ukungu unashuka mpaka kwenye majani ya chai, na ng'ombe unawasikia kabla ya kuwaona. Baridi yake, ee! Baba yako nilikuwa naye tumboni, tukidhani siku zake bado.

Tulishuka kwenye basi, tukaanza kupanda kwa miguu. Katikati ya njia uchungu ukanishika, mvua nayo ikamwagika. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Inamahoro, mwanamke wa kabila la Batwa, mfinyanzi wa vyungu. Alitoka mbio, mikono bado ina udongo.

"Ingiza mutoto wako ndani," akamwambia mama mkwe. "Apana kuogopa. Mi nimezalisha wengi."

Akanawa, akanilaza kwenye mkeka wake, akawa ananiimbia polepole kwa Kirundi kama anayembembeleza mtoto. Kabla mvua haijakatika, baba yako alikuwa analia.

Ndugu za mama mkwe wakapata habari, wakafika. Walipiga vigelegele, lakini hakuna aliyevuka mlango. Wakati ule watu wengi wa vilimani walinunua vyungu vya Batwa na kupikia chakula chao, ila kunywa nao chombo kimoja, hapana. Basi Inamahoro alipoleta uji wa ulezi kwenye kibuyu, shangazi mmoja akaita toka nje:

"We, acha! Chakula kitatoka nyumbani."

Nilimwona Inamahoro akisimama na kibuyu chake, hajui akirudishe au akiweke chini.

Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa yeye kwanza, kisha akanipa.

"Huyu ndiye amepokea mujukuu wangu," akasema. "Nitakataaje uji wake?"

Shangazi aligeuka akaenda zake, na miaka mingi hakutusalimu. Lakini kaka mdogo wa shangazi huyo aliinama, akaingia, akaomba naye anywe. Uji ule ulikuwa wa moto, una harufu ya moshi. Sijanywa mwingine kama ule. Inamahoro ametangulia sasa, Mungu amrehemu, na hata vyungu sokoni vimekuwa vichache.

Sasa we na wenzako mnapanda Mugamba Jumamosi na simu zenu. Pigeni picha, milima ile ni mizuri kweli. Ila usimpige mtu picha kabla hujamwamkia na kumwuliza jina. Ukikaribishwa, ingia. Ukipewa, pokea, unywe. Na usingoje kujua kabila la mtu ndipo uamue utamheshimu kiasi gani.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kona zile za barabara, akufungulie milango ya watu wema, na wewe akujalie usiwe mtu wa kusimama nje.