Nilivyokaa Benchi la Nyuma kwa Unyenyekevu

Jumapili, 4 Januari. Mvua tangu asubuhi, Ngokolo yote matope.

Mwaka huu nimeahidi kujishusha mbele za Mungu. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na miaka tisa nimekaa benchi la mbele. Leo nikaenda la nyuma kabisa, nikasubiri watu waone. Hakuna aliyegeuka. Nikaanza kukasirika: mtu anajishusha hivi, na hawaoni?

Baada ya mahubiri mzee wa kanisa, Baba Masanja, akanijia kwa huruma. "Pole, Mama Kabula. Hata wewe? Simama tukuombee urudi kundini."

Dada niliyekaa naye akaninong'oneza: "Mama, huku tunakaa tuliotengwa. Mimi kosa langu pombe. Wewe je?"

Mzee simlaumu, ndiyo desturi yetu: waliotengwa hukaa nyuma na kuombewa. Mimi ndiye sijawahi kugeuka kuona nani hukaa nyuma. Lakini hasira ilinipanda, nikasimama nikapaza sauti: "Mimi sina dhambi yoyote! Nimekaa na hawa kwa unyenyekevu tu!"

Yule dada akaniangalia, akasema taratibu, "Basi asante kwa kututembelea, mama."

Walicheka wote, hata mchungaji. Kwa haki, yule dada hakunitukana.

Jioni tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi, kwa sababu maharage niliyaunguza nikiwa jikoni peke yangu, bado nabishana na yule dada.